Ulinzi Shirikishi na Kazi Nyingine za Kujitolea Kusaidia Polisi Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mtaa unapoibiwa: ofisini kwa mtendaji, kijiweni kwa bodaboda, na kwenye grupu la WhatsApp ambako kila mtu ghafla anakuwa mwanasheria. Majibu yanamlenga mkazi wa kawaida wa Dar anayetaka kusaidia bila kujiingiza matatizoni. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

Ulinzi shirikishi ndiyo polisi jamii?

Hapana, ila vinakwenda pamoja. Polisi jamii ni utaratibu wa Jeshi la Polisi lenyewe: askari anatoka nyuma ya kaunta, anakaa na wananchi, anasikiliza kero na kupanga nao namna ya kuzuia uhalifu kabla haujatokea. Ulipata msukumo mkubwa chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, aliyeliongoza jeshi hilo kuanzia 2006 hadi 2013. Siku hizi sura yake mtaani ni mkaguzi wa kata, yaani ofisa wa polisi aliyepangiwa kata moja na anayetakiwa kujulikana na wakazi wake.

Ulinzi shirikishi ni upande wetu wananchi. Wakazi wa mtaa wanakubaliana, wanachagua watu, wanapanga zamu, wanazunguka usiku. Serikali ya mtaa inasimamia kupitia kamati yake ya ulinzi na usalama, na polisi wanatoa maelekezo. Hapa Dar jambo hili hupanda na kushuka. Panya road, vikundi vya vijana wanaovamia na kupora watu, walipotikisa jiji mwanzoni mwa 2015, kila kona ilikuwa na walinzi. Hali ilipotulia, wakalala. Vikundi vile viliporudi 2022, walinzi nao wakaamka. Kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa wetu mkubwa: tunalinda kwa hofu, hofu ikiisha na lindo linakufa.

Na sungusungu?

Sungusungu walianzia Shinyanga na Tabora mapema miaka ya 1980, wakipambana na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuvitambua vikundi vya namna hiyo. Wazee wengi wa Dar bado wanawaita walinzi wa mtaa sungusungu. Mazoea hayo yana shida moja: kijana akiitwa sungusungu anajiona ana ruhusa ya viboko. Hana.

Mgambo je? Si ndio hao hao?

Mgambo amepitia mafunzo ya Jeshi la Akiba, yanayoendeshwa na JWTZ kupitia mshauri wa mgambo wa wilaya. Anafundishwa kwata, ukakamavu, matumizi ya silaha na masuala ya sheria, na anahitimu kwa gwaride mbele ya mkuu wa wilaya au mgeni mwingine rasmi. Mlinzi shirikishi anaweza kuwa fundi seremala ambaye hajawahi kushika bunduki maishani, na hilo halimpunguzii kitu.

Wale mgambo wa jiji wanaokimbizana na wamachinga ni habari nyingine kabisa. Wanafanya kazi kwa halmashauri na wanasimamia sheria ndogo za usafi na biashara. Mama lishe wa Kariakoo atakueleza habari zao vizuri kuliko ukurasa huu. Jambo la kujua ni kwamba mlinzi wa mtaa wako hana mamlaka ya kubeba meza ya mtu.

Polisi msaidizi ni nani?

Ni mlinzi aliyefunzwa na kuapishwa kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kulinda eneo au taasisi maalumu. Anaajiriwa na taasisi hiyo. Mlinzi wa kampuni binafsi naye si polisi msaidizi, hata kama sare zao zinafanana ukiwatazama kwa mbali.

Nikitaka kujiunga naanzia wapi?

Anza kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa unaoishi. Usianze kituo cha polisi, watakurudisha huko huko. Nenda na kitambulisho cha NIDA au cha mpigakura, na uwe na watu wawili watatu wanaokufahamu: mjumbe wa eneo lako, mwenye nyumba, hata imamu au mchungaji. Mtaa unatakiwa kupeleka majina kwa mkaguzi wa kata ili polisi wajue nani anazunguka usiku. Hakikisha jina lako limefika. Usiku ule difenda ya polisi wa doria itakapokukuta gizani na rungu mkononi, hilo jina ndilo litakalokutetea.

Wanaokataliwa, au wanaopaswa kukataliwa, ni wenye kesi, wanywaji wa kupindukia, na yule kijana ambaye kila mtu anajua ana kisasi na familia fulani. Huyo wa mwisho ni hatari kuliko mlevi.

Nitalipwa?

Ukijitolea, hapana. Lakini mitaa mingi ya Dar imeshaacha zamu za bure. Wakazi wanachanga kila mwezi kwa kila kaya au chumba, na mtaa unawapa walinzi posho. Kiasi kinatakiwa kupangwa na mkutano wa wakazi. Kupangwa na watu watatu nyuma ya duka si utaratibu. Ukitoa hela, dai risiti. Ukiona anayekusanya hana kitabu cha risiti, mwambie arudi nacho. Makusanyo na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa na kubandikwa ubaoni. Michango mingi hufa kwa sababu hesabu hazisomwi, halafu tunasema watu wa Dar ni wagumu kuchangia.

Siwezi kukesha, naamka alfajiri kwenda kazini. Nitalazimishwa?

Mtaa mmoja una utaratibu huu, mwingine ule. Uliozoeleka ni kwamba asiyeingia lindo anachangia hela, na mjane, mzee au mgonjwa anasamehewa. Mlinzi hana ruhusa ya kukugongea usiku na kukuburuta, wala kukufungia ofisini kwa sababu hujachanga. Mwenye deni anaitwa kwa barua ya mtendaji, mchana, kwa heshima.

Usiku wa lindo unakuwaje?

Unachosha zaidi ya kutisha. Walinzi wanakutana ofisi ya mtaa saa nne usiku, kiongozi wa zamu anaita majina, wanagawana njia kwa makundi ya watu wawili wawili au zaidi. Mtu hazunguki peke yake. Vifaa ni filimbi, tochi, rungu, simu yenye chaji na salio, na kizibao cha kung'aa. Kizibao wengi wanakidharau, lakini ndicho kinachofanya mwenye nyumba asikufyatulie mbwa na dereva asikugonge kwenye barabara isiyo na taa.

Kifaa kinachosahaulika ni daftari. Mlinzi mzuri anaandika hivi: "Saa 8:20 usiku. Bajaji imesimama karibu na duka la dawa, taa zimezimwa, watu wawili ndani. Wamesema wanasubiri mgonjwa. Saa 8:45 mama mmoja mjamzito ameletwa, wameondoka." Halikutokea lolote, ila limeandikwa. Na pengine wiki mbili baadaye mtu atakuja kulalamika kwamba duka limevunjwa usiku ule na bajaji ilionekana. Mstari ule utamwokoa dereva asiye na hatia, au utampa mpelelezi pa kuanzia. Polisi wa upelelezi wanathamini saa na namba ya usajili. Hadithi ya "tulimwona jamaa mmoja mrefu hivi" haiwafikishi mbali.

Saa kumi na moja alfajiri, watu wanaanza kwenda vituo vya daladala, zamu inafungwa na daftari linasainiwa. Msiondoke mapema. Vishandu, wale wanaokwapua na kukimbia, wanapenda saa hizo hizo, wakati akina mama wanaowahi soko la samaki Feri wametoka na hela mfukoni.

Tumemkamata mwizi. Sasa?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kwa yale makosa iliyoyataja. Sharti lake ni kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo mkishamdhibiti, kazi yenu imebaki ndogo: mnyang'anyeni silaha kama anayo, mzungukeni asipigwe, pigeni simu kituoni, au mpelekeni wenyewe kama ni karibu. Kituoni toeni maelezo, mpewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo, na mwandike kwenye daftari jina la askari aliyempokea na saa.

Ugumu uko kwenye yale maneno "asipigwe". Ukipuliza filimbi saa tisa usiku, watu mia wanatoka, na wengi wao hawajui hata kilichoibwa. Mmoja anaokota tofali. Mwingine anauliza petroli iko wapi. Kuanzia hapo unayemlinda ni mtuhumiwa, na hii ndiyo sehemu ya kazi inayotaka moyo kuliko kumkimbiza. Mwekeni ukutani, simameni mkiwapa watu uso, kiongozi aseme kwa sauti kwamba polisi wako njiani, na kama kuna ofisi au fremu ya duka iliyo wazi, mwingizeni humo. Asubuhi magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ndiyo itakayopanda kizimbani. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zinajua kitu kinaitwa nia ya pamoja: mkiua kwa pamoja, mnashtakiwa kwa pamoja, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Mlinzi aliyesimama pembeni na rungu lake akitazama atajieleza sana.

Zaidi ya hayo, Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na inakataza mtu kuteswa. Msimhoji kwa kumfinya vidole "aseme wenzake". Mpelelezi atakuwa na kazi ya kuieleza mahakama kwa nini shahidi wake mkuu ndiye aliyemvunja mtuhumiwa mkono.

Aliyekamatwa ni mtoto.

Inatokea sana, wengi wa wanaoitwa panya road ni vijana wadogo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Asichanganywe na watu wazima, mzazi au mlezi ajulishwe, na afisa ustawi wa jamii wa kata aitwe. Kuna mzazi atakayekuja ofisini kuomba "yaishe hapa hapa". Kama kijana ameiba ndala, pengine wazee watakaa wazungumze. Kama kuna panga na mtu aliyejeruhiwa, hilo halina kuishia hapa.

Tunaruhusiwa kumsachi mtu au kuingia nyumbani kwake?

Nyumbani, hapana. Upekuzi wa nyumba ni kazi ya polisi, kwa utaratibu wa sheria. Hata kama mnaamini kabisa televisheni iliyoibwa iko chumba cha pili, lindeni mlango na mpigie polisi simu. Mwanamke akihitaji kusachiwa, anasachiwa na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Simu ya mtu msiifungue, na pikipiki msiisimamishe kudai leseni. Hiyo ni kazi ya trafiki.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa. Polisi wamenigongea usiku nishuhudie upekuzi. Nifanyeje?

Nenda. Hii ni miongoni mwa kazi kubwa ambazo raia huzifanya kusaidia utekelezaji wa sheria, na haifundishwi popote. Unaitwa kama shahidi huru, yaani mtu asiye polisi wala ndugu wa mtuhumiwa, ili baadaye mahakama isikie kutoka kwako kwamba kilichokutwa kilikutwa kweli.

Ingia pamoja nao, usiingie nyuma yao. Kabla hawajaanza, omba askari nao wasachiwe mbele ya mwenye nyumba. Askari mzoefu hukubali bila kinyongo, maana kunamlinda na yeye. Kisha kaa karibu. Wakiingia chumbani, ingia. Wakihamia jikoni, hamia jikoni. Usikubali kuachwa sebuleni ukipewa kiti, halafu uitwe mwishoni kuonyeshwa mfuko mezani. Hapo hujashuhudia upekuzi, umeshuhudia mfuko.

Kitu kikipatikana, tazama kilikotolewa: chini ya godoro upande wa ukutani, ndani ya ndoo ya unga, juu ya kabati. Hesabu mwenyewe. Rangi ya mfuko, idadi ya kete, alama iliyopo. Kisha itaandikwa hati ya ukamataji mali. Isome yote, hata kama afande ana haraka. Ikisema vifurushi 10 na wewe umehesabu 8, sema kabla hujasaini. Usisaini karatasi tupu, usisaini kituoni kesho yake kwa kitu ulichokiona nyumbani jana. Ukifika kwako, andika yote kwenye daftari lako kabla hujalala.

Samansi inaweza kuja baada ya mwaka mzima, ikikuita Kisutu au mahakama nyingine. Wakili wa utetezi atakuuliza mlango ulikuwa wa rangi gani na nani alishika tochi. Hapo ndipo utakaposhukuru uliandika. Mashauri ya dawa za kulevya huanguka kwa mambo madogo kama haya, mtuhumiwa akaachiwa, na mtaa mzima ukadhani hakimu amekula hela.

Naweza kubeba panga? Bunduki?

Bunduki bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni yako binafsi haikupi ruhusa ya kufanya doria nayo kwa niaba ya mtaa. Panga, mimi nasema liachwe nyumbani. Rungu linatosha, na filimbi inafanya kazi kuliko vyote viwili.

Nikiumia lindoni?

Jeraha la hatari, wahi hospitali kwanza: Amana, Temeke, Mwananyamala au kituo cha afya kilicho karibu. Mwenzako apitie polisi kuchukua PF3, maana fomu hiyo ndiyo itakayobeba ushahidi wa majeraha yako kesi ikifika mahakamani. Kuhusu gharama, ukweli hauna utamu: mlinzi wa kujitolea si mwajiriwa, kwa hiyo hana mwajiri wa kumdai fidia. Kamati yenye akili hutenga sehemu ya michango kwa ajili ya matibabu, na inaandika hivyo kwenye muhtasari wa kikao kabla hajaumia mtu. Uliza kabla ya kujiandikisha.

Mimi ni mwanamke. Nina nafasi?

Unayo, na mtaa unakuhitaji zaidi ya unavyodhani. Kesi za kipigo majumbani na ukatili kwa watoto hazikamatwi na doria ya usiku. Zinajulikana na jirani anayesikia kilio ukutani. Vituo vingi vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, lenye askari waliofunzwa na chumba cha faragha. Mwanamke wa kamati anayeweza kumsindikiza aliyepigwa mpaka dawatini, akakaa naye mpaka maelezo yaishe, amefanya kazi ambayo marungu kumi hayaiwezi. Kitu kimoja: kama ni ubakaji, asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Mwambie kwa upole, mwambie mapema.

Kuna kazi gani nyingine zaidi ya kukesha?

Kuna mabalozi wa usalama barabarani, wanaoelimisha madereva na abiria kwa kushirikiana na trafiki. Shule kadhaa za msingi kando ya barabara kubwa zina wanafunzi wenye vizibao na vibao vya kusimamisha magari, na wanahitaji mtu mzima wa kusimama nao asubuhi. Mstaafu anaiweza kazi hii vizuri. Kwa watu wa pwani, Kunduchi, Msasani mpaka Kigamboni, kuna BMU, vikundi vya wavuvi vinavyolinda bahari na kutoa taarifa za uvuvi wa baruti. Na kuna kazi za mezani: kutunza daftari la wakazi na wapangaji, kuandika mihutasari, kufuatilia taa za barabarani zilizoungua. Kichochoro kikiwaka taa, vibaka wanahama wenyewe.

Nikitoa taarifa, jina langu litavuja?

Hofu hii ina msingi, tusijifanye. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Lakini mtaani uvujaji huanzia kwa mtoa taarifa mwenyewe: anampigia mwenyekiti, anamwambia shemeji, halafu anatupia kwenye grupu. Kama jambo ni zito, usipitie kwa mtu wa mtaani. Nenda kwa mkuu wa kituo au mpelelezi wa wilaya, hata wa eneo lingine, useme ana kwa ana na uombe jina lako lisiandikwe kwenye maelezo ya awali. Usipige picha ukiwa umesimama mbele ya mtu unayemtaja.

Nikijitolea nitapata ajira polisi?

Hapana, usidanganywe. Ajira za polisi hutangazwa wazi, zina masharti ya umri, elimu na afya, na wanaochaguliwa huenda Shule ya Polisi Moshi. Anayekwambia umpe laki mbili "akuunganishe" kwa sababu wewe ni mlinzi shirikishi ni tapeli. Kinachosaidia kweli ni cheti cha mgambo au JKT, ambacho kampuni nyingi za ulinzi hukitaka kwenye matangazo yao.

Mlinzi amenipiga, au amenidai hela ili aniachie. Niende wapi?

Mlalamikie kwa mtendaji wa mtaa kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kata na mkaguzi wa kata. Kama umeumizwa, fungua kesi polisi kama dhidi ya mtu mwingine yeyote. Kizibao hakimpi kinga. Kama ni rushwa, TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Mlinzi hana mamlaka ya kutoza faini, wala hakuna kitu kinaitwa "hela ya dhamana ya mtaa". Dhamana hutolewa polisi na mahakamani, na haiuzwi.

Nihifadhi namba zipi?

Polisi na dharura ni 112. Zimamoto 114. Ukatili kwa mtoto, 116. Zaidi ya hizo, chukua namba ya kaunta ya kituo chako na ya mkaguzi wa kata, uzipige mara moja mchana kuhakikisha zinaita. Namba nyingi zilizobandikwa kwenye kuta za ofisi za mitaa ni za maofisa waliohamishwa zamani. Ukipiga usiku, taja kwanza mahali, kwa alama wanayoijua madereva: msikiti, kituo cha daladala, kituo cha mafuta. Halafu sema kinachotokea, watu wangapi, wana silaha gani, wameelekea upande upi. Jina lako liwe la mwisho.